Benjamin Butler na Watu Watatu wa Ngome ya Monroe

Mabibi na mabwana, ndugu wanafunzi, ahsanteni kwa kuja.

Benjamin Butler alizaliwa New Hampshire, Marekani, mwaka 1818. Alilelewa na mama mjane aliyeendesha nyumba ya kupangisha wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini Lowell. Mwaka 1840 akawa wakili, tena wakili wa kuogopwa mahakamani.

Tusimpambe, lakini. Mwaka 1860, chama cha Democratic kilipokutana Charleston kuchagua mgombea urais, alimpigia kura Jefferson Davis duru baada ya duru. Na Davis huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa majimbo yaliyoasi ili kuulinda utumwa.

Vita kati ya majimbo hayo na serikali ya Marekani vilipozuka, Butler akawa jenerali upande wa serikali, na Mei 1861 akakabidhiwa Ngome ya Monroe, Virginia, iliyobaki mikononi mwa serikali ndani ya jimbo lililoasi. Usiku wa tarehe 23, watumwa watatu walivuka maji kwa mashua wakabisha hodi ngomeni: Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend. Bwana wao, Kanali Charles Mallory, alikuwa amewatoa wakawajengee waasi boma la mizinga ng'ambo ya pili, nao walikuwa wamesikia kwamba watapelekwa mbali zaidi, waachane na jamaa zao. Naomba majina hayo matatu tuyatangulize mbele ya jina la jenerali. Wao ndio walioweka roho zao rehani.

Kesho yake akaja Meja John Cary wa jeshi la waasi na bendera nyeupe, kuwadai. Sheria ya 1850 iliamuru mtumwa mtoro arudishwe kwa mwenyewe. Butler akamjibu kiwakili: ninyi mnasema Virginia imejitoa Marekani, sasa sheria ya Marekani mnaidaije? Kanali Mallory na aje aape utii kwa Marekani, atapewa watu wake. Tena mnawaita mali. Basi mali ambayo adui anaitumia kunipiga vita, mimi naruhusiwa kuikamata.

Cary akarudi mikono mitupu.

Hapa mimi nafurahi na kuumia kwa pamoja. Watu wameokolewa, lakini kwa hoja iliyowahesabu kama mali, wala haikuwapa uhuru. Hata hivyo habari zilienea, na katika siku chache zikaanza kumiminika familia nzima. Butler akalazimika kuwaandikia wakubwa wake: wanaume walijenga maboma ya adui, sawa, je, wanawake na watoto wachanga? Hoja yake ya mali haikuwa na jibu kwa mtoto mchanga. Tarehe 6 Agosti Bunge likapitisha sheria ya kuwanyang'anya waasi watumwa waliotumikishwa vitani.

Baadaye Butler aliitawala New Orleans, jiji lililotekwa kutoka kwa waasi, kwa mkono mzito, akachukiwa mno. Septemba 1864 aliwaamuru askari weusi washambulie maboma ya waasi huko New Market Heights, Virginia. 14 kati yao walipata Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani Marekani. Vita vilipokwisha aliingia Bungeni, na mwaka 1871 akawa miongoni mwa waliopigania sheria ya kuikomesha Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililokuwa likiwaua watu weusi kwa sababu ya kupiga kura.