Waitwe Kabla ya Rasimu: Sera za Umma na Watu Wenye Ulemavu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nianze na barua ya mwaliko wa wadau. Mara nyingi hufika siku chache tu kabla ya kikao, ikiwa na rasimu nene iliyopigwa skani. Asiyeona akiifungua, kisoma skrini chake hukaa kimya, maana kurasa zile ni picha, hazina herufi ya kusomwa. Kiziwi naye anafika ukumbini, mkalimani hayupo. Jioni taarifa inaandikwa: watu wenye ulemavu walishirikishwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara ya 4(3) inazitaka serikali zishauriane nao kwa karibu, watoto wakiwemo, kupitia vyama vinavyowawakilisha. Mwaka 2018 kamati ya mkataba huo ilitenganisha vyama ambavyo watu wenye ulemavu wanaviongoza wenyewe na mashirika yanayowahudumia. Shirika la huduma lina la kusema, lakini halisemi kwa niaba yao. Wengi hukosea hapa, wala si kwa ubaya: shirika lina ofisi na karani wa kupokea simu, basi ndilo linaloalikwa.

Sasa, waitwe lini? Tatizo linapoelezwa, kabla hata ya kuchagua suluhisho. Chukueni usajili wa wananchi kwa alama za vidole. Mtu asiye na mikono akiwepo siku ya kwanza, njia mbadala ya kumtambua inaandikwa kwa sentensi mbili. Akiitwa mashine zikiwa zimeshanunuliwa, atakuwa “kesi maalumu” maisha yake yote, na kila dirisha litampeleka dirisha lingine. Rasimu ikishatoka kwa wanasheria, mnabaki kujadili koma.

Takwimu nazo. Karani anayeuliza “humu ndani kuna mlemavu?” anajibiwa hapana, kwa aibu, au kwa sababu bibi asiyesikia vizuri anahesabiwa mzee tu. Maswali mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu lililo chini ya Umoja wa Mataifa, yako sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia, na kuwasiliana. Neno ulemavu halitajwi. Unauliza, “Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani?” Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, siwezi kabisa. Anayejibu moja kati ya mawili ya mwisho, hata kwa swali moja tu, anahesabiwa. Mkimhesabu na wa “shida kiasi”, idadi inavimba na haifai tena kulinganishwa na ya kwingine. Maswali haya hayanasi vizuri sonona na wasiwasi, na watoto wana dodoso lao. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani 16 kwa kila 100. Takwimu zenu zikisema mmoja kwa mia, lichunguzeni kwanza swali lililoulizwa.

Halafu fedha, na hapa ndipo sera nyingi hufia. Ufikivu usipokuwa na fungu lake, hulipwa kwa makombo. Andikeni gharama kwa majina yake: wakalimani wawili wa lugha ya alama kwa kikao cha zaidi ya saa moja, kwa kuwa hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, na mmoja peke yake akichoka huanza kuruka maneno, nauli ya msaidizi, nakala za nukta nundu, toleo la lugha nyepesi kwa wenye ulemavu wa akili, ambao husahaulika hata na wenzao. Ukumbi pia upimwe, msikubali kuambiwa tu kwamba unafikika. Mteremko wa kuingilia ukiwa wa 1 kwa 12, mlango ulioinuka sentimita 45 unahitaji mita 5.4 za mteremko. Ubao ulioegemezwa kwenye ngazi ni hatari kwa mwenye kiti cha magurudumu.

Mwisho, majibu. Tengenezeni jedwali la safu tatu: pendekezo lililotolewa, uamuzi uliofikiwa, na sababu yake. Lirudi kwa vyama kabla rasimu haijapelekwa bungeni, kwa namna ambayo kila mmoja ataweza kulisoma. Safu ya tatu ndiyo maofisa huiacha wazi, basi ikaguliwe kwanza.