Faili Mbili za Mwanafunzi Mmoja

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, wahadhiri wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie hatua ambazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepiga tangu wanafunzi wasiofika 20 walipoanza kusoma sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961. Wengi wangeanza na majengo. Mimi naomba nianze na kitanda.

Rika langu mnakijua. Chembamba, watu wawili, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Tulikuita kubebana, na kulikuwepo vyuo vingi. Mwenye chumba ana jina kwenye karatasi. Aliyebebwa hana jina popote, anakunja shuka lake alfajiri kabla mlezi wa bweni hajapita. Mimi nilibebwa mwaka mzima, katika chuo ambacho sitakitaja. Nilisinzia kwenye semina, mwalimu akaniona mvivu. Hivyo Aprili 2017 zilipofunguliwa Mlimani, kwenye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi 3,840, wengine walisifu kasi ya ujenzi. Mimi niliwaza watu 3,840 wanaolala wakanyoosha miguu. Na ile maktaba mpya ya Novemba 2018 naipenda kwa sababu hiyo hiyo: watu 2,100 wanaketi kwa pamoja, na anayetoka nyumba ya kupanga isiyo na meza anapata meza.

Sasa fedha. Zamani serikali ililipa karibu kila kitu. Ikaja sera ya kuchangia gharama, kisha sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Tumebishana sana kuhusu marejesho: asilimia 15 ya mshahara tangu 2016, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilifutwa 2021. Kufutwa kwake kulikuwa haki, nasema bila kumung'unya. Fedha ya kujikimu nayo ikapanda 2022, kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000.

Lakini vijana wanajua jambo ambalo bajeti hailiandiki. Bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, lina kiasi, na lina tarehe. Shilingi 10,000 zilizofika wiki ya kwanza ni chakula. Zikifika wiki ya saba ni deni la mama ntilie, kodi ya mwenye nyumba na kompyuta iliyokwisha kuuzwa. Kijana akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha akakeri, yaani akabeba somo hadi mwaka unaofuata, kisha akadisko, yaani akaondolewa chuoni, sisi walimu tunasema hakujituma. Wapo wasiojituma, nimewafundisha. Ila wengine niliwaona wakishinda na chai ya rangi.

Hapo ndipo naligusa suala la utawala, ambalo watu huliona kavu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na hati idhini ya chuo iliyofuata 2007, zimeweka Baraza la Chuo na Seneti, na Muhimbili na Ardhi zikawa vyuo kamili vyenye mabaraza yao. Mpango mzuri. Ada na madeni yanajadiliwa Barazani, alama zinajadiliwa Seneti. Mwanafunzi ni yule yule, ila hakuna meza inayomwona mzima.

Mwalimu Nyerere alitoa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kwenda kuleta kingine. Tumeuzoea kuutumia kumdai mhitimu. Mimi nautumia kuwadai wanaotawala vyuo: mtu wetu amefika wapi? Kati ya walioingia miaka minne iliyopita, wangapi wamehitimu, wangapi wamedisko, na wangapi wametoweka bila hata barua? Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga maabara na madarasa nchi nzima. Naomba ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo ya wanafunzi uwekwe mbele ya kila Baraza, kila mwaka, kabla ya taarifa ya majengo.

Naomba hivyo kwa sababu ya binti mmoja wa darasani kwangu, katika chuo nilichoanzia kazi. Alikuwa anakaa safu ya pili, anauliza maswali mpaka kipindi kinapitiliza. Muhula wa pili hakuonekana mtihanini. Nikaenda kuuliza. Ghorofa ya chini, kwa wahasibu, faili lake lilisema anadaiwa ada, asiruhusiwe kufanya mtihani. Ghorofa ya juu, taaluma, faili lake lilisema hakutokea bila sababu, ameondolewa. Nikarudi chini, nikaomba nifunuliwe tena lile la kwanza. Nyuma kabisa palikuwa na stakabadhi. Ada yake ilikuwa imeingia yote, siku tisa baada ya mtihani.