Kadi ya Idd inayotaka kuingia ndani ya simu yako: itambue hivi

Assalaam aleikum, hamjambo nyote mnaonitazama, Mombasa na kwengineko. Idd imekaribia, na mfunguo mosi ukiingia harusi nazo zitaanza, kwa hivyo simu zetu zitajaa kadi. Leo tuichunguze kadi moja ya bandia.

Tazameni skrini yangu. Ujumbe umeingia kwenye kikundi cha familia: "Idd Mubarak! Kuna mtu wako amekutumia kadi. Gusa hapa umwone." Mwezi mwandamo upo, maua yapo. Aliyeutuma ni shangazi, na namba ni yake kweli. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Shangazi huenda aliupata kwa mtu akausambaza kwa moyo safi, au WhatsApp yake imeshatekwa. Basi usiipime kadi kwa jina la mtumaji, ipime kwa kile inachokuomba. Salamu ya Idd haina haja na namba yako ya siri.

Hatua ya kwanza, soma anwani ya kiungo. Kama ni barua pepe yenye kitufe, kishikilie kwa kidole mpaka anwani ijitokeze, usikiguse na kuachia. Ile mikwaju miwili ya mwanzo (//) iruke, nenda mpaka mkwaju unaofuata. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Jina la benki au M-PESA likiwa mwanzoni kabisa lisikubabaishe, yeyote anaweza kulitia hapo. Hata alama ya kufuli haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Hatua ya pili, na hii naomba muitazame vizuri: faili. Huu hapa ni mwaliko wa harusi. Jina lake refu, limekatwa katikati. Angalieni mwisho wake: nukta, a-p-k. Hiyo ni programu ya Android. Picha huishia na jpg, video mp4, kadi ya kuchapisha pdf. Ukiigusa APK, simu itakuuliza kama unairuhusu WhatsApp kusakinisha programu. Kataa. Ukikubali, kitakachofuata ni kuombwa ruhusa ya kusoma SMS, na kwenye SMS ndiko benki inakotuma zile tarakimu za kuthibitisha. Mwaka 2024 polisi nchini India walitoa onyo kuhusu mialiko ya harusi ya namna hii hii.

Mbinu yenyewe si mpya. Mwaka 2007 barua pepe za "jamaa yako amekutumia kadi" zilieneza programu hasidi iliyoitwa Storm Worm kwenye kompyuta za Windows, na kompyuta hizo zikawa zinaendeshwa na wahalifu bila wenyewe kujua.

Hatua ya tatu, mpigie aliyekutumia. Mpigie kwa sauti, usimwandikie humo humo WhatsApp, maana ikiwa akaunti imetekwa atakayekujibu ni mwizi.

Na kama umeshasakinisha? Zima data na Wi-Fi papo hapo. Toa laini, itie kwenye simu nyingine, hata mulika mwizi inatosha, kisha piga *334# ubadilishe namba ya siri ya M-PESA. Ipigie benki. Nywila ya barua pepe ibadilishie kwenye kifaa kingine, si kwenye simu iliyoingiliwa. Halafu rudi kwenye ile simu, fungua setingi, nenda kwenye programu, uiondoe ile ngeni. Ikigoma kuondoka, mara nyingi ni kwa sababu uliipa mamlaka ya kuisimamia simu. Iondolee hayo kwanza. Ikizidi kugoma, ifute simu yote uianze upya. Picha zitauma, najua, lakini akiba ya chama itauma zaidi.

Ukiletewa kadi kama hizi kwa SMS na uko Safaricom, zisambaze kwenda 333, ni bure.

Mwisho, fanya hivi leo kwenye simu ya mama na ya babu. Ingia setingi, tafuta ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, uizime kwa WhatsApp na kwa kivinjari. Kisha fungua WhatsApp yao, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na utazame vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta wasiyoijua, itoe.