Anza na Nzi, Sanduku Litafuata

(Mazungumzo ya Jumamosi asubuhi na wanaoanza kufunga nzi wa kuvulia samaki, Kariobangi, Nairobi)

Hamjambo? Mliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo. Vitu vya leo ni vidogo: nzi wetu ni chambo bandia, ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ili ifanane na mdudu. Ukikaa mbali utadhani nafunga hewa.

Tangu niingie mlangoni watu wanne wameniuliza swali moja: "Mwalimu, ninunue seti gani ya vifaa?" Nijibu sasa hivi tulimalize. Usinunue seti. Mimi nilinunua. Ulikuwa mshahara wangu wa pili kwenye karakana moja ya flai, yaani nzi hawa hawa, nikaagiza sanduku la plastiki lenye vyumba vingi na manyoya ya kila rangi, hata waridi. Jiliwa lake, kile chombo cha kubania ndoana, liliiachia siku ile ile ya kwanza. Ndoana zenyewe ukizivuta kwa kidole zinanyooka kama pini ya nywele. Yale manyoya ya waridi ninayo mpaka leo, anayeyataka nimpe bure.

Ubaya wa seti ni kwamba aliyeipanga hajui wewe unataka kufunga nzi gani. Hakuna mama anayenunua viungo vyote sokoni ndipo arudi nyumbani kuuliza leo tunapika nini. Chagua nzi mmoja kwanza. Huyo nzi ndiye atakuandikia orodha.

Nzi gani, basi? Wengi wenu mmekuja kwa sababu ya trauti, samaki wa mito ya baridi. Trauti ni mgeni hapa. Mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliwaleta mwaka 1905 kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, wakaachiliwa katika Mto Gura kule Aberdare. Wakapenda baridi, wakakaa. Sehemu kubwa ya chakula chake trauti anakiokota chini ya maji, yaani wadudu wachanga wanaotambaa juu ya mawe kabla hawajaota mabawa. Kwa hiyo nzi wenu wa kwanza hataelea. Atakuwa mweusi, mnene kidogo, wa kuzama. Ndoana namba 10, uzi mweusi, sufu nyeusi, waya mwembamba wa shaba, unyoya mmoja mweusi wa kuku jike. Vitu vitano tu, na mkifunga ishirini wa namna hiyo mtakuwa mmejifunza karibu kila kitu ambacho mkono unahitaji kujua.

Katika vitano hivyo, usifanye ubahili kwenye ndoana. Vingine vyote Nairobi itakupa njia ya mkato, lakini ndoana haina mbadala. Namba zake zinaenda kinyumenyume: 16 ni ndogo kuliko 10, na 10 ni ndogo kuliko 6. Kabla ya kununua pakiti nzima, omba moja, ibane, isukume kwa ukucha wa kidole gumba. Nzuri inanepa kidogo kisha inarudi. Ikibaki imepinda, ni laini mno. Ikikatika, umeokoa pesa zako. Tazama pia jicho lake: likiwa na mwanya, kamba ya mvuvi itapenya hapo au itakatwa. Na kama unavunja kile kijimwiba cha ncha, kama ninavyofanya mimi ili samaki arudishwe majini bila jeraha kubwa, kivunje kabla ya kufunga. Kuna ndoana zinazovunjika zima zima pale, na inauma sana ukiwa umeshatumia nusu saa juu yake.

Uzi. Kuna mtu ataniambia uzi wa cherehani unatosha. Unashika, ndiyo, lakini ni mnene mno. Kila mzunguko unaongeza unene, na ukifika kichwani nzi wako ana kitunguu. Uzi wa kazi hii hupimwa kwa denia: ukisoma 70, maana yake meta 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 70. Kwa namba 10 chukueni 140, una nguvu zaidi na unasamehe mkono mzito. Ule wa 70 mtauhitaji mkifika ndoana ndogo.

Jiliwa, au vaisi kama tunavyosema wengi, lina kazi moja: kushika ndoana isiteleze. Yale yanayozunguka kama feni ni mazuri, yanapendeza, na huyahitaji mwaka huu. Kama hata la kawaida huliwezi sasa, nenda Kamukunji kwa jua kali, mwambie fundi akuchomelee koleo la kujifunga, wao huliita vaisigripu, kwenye kipande cha chuma kizito. Halitakuwa zuri machoni, ila litabana. Waya wa shaba uko Luthuli kwa mafundi wa redio. Omba koili ya mota iliyoungua. Huko huko nunua klipu ndogo ya meno, ivishe kipande cha mpira ili isikate unyoya, tayari una koleo la kuzungushia manyoya. Sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kijiti ndiyo ya kufungulia jicho lililoziba. Gundi ya kichwa ni rangi ya kucha, ile isiyo na rangi.

Mikasi iwe miwili. Mmoja wenye ncha kali nyembamba, kama ule wa saluni wa nyusi, ni wa uzi na manyoya peke yake. Wa pili ni wa waya, uwe mzee tu. Ukikata waya kwa ule mzuri mara moja, umeuzika. Kwangu mikasi mizuri naificha, maana watoto wana kazi za shule na hawaulizi.

Kishikio cha uzi, kile chenye mrija, kinunue. Lakini kabla ya kulipa, pitisha pamba kidogo mdomoni mwa mrija. Pamba ikinasa, uzi nao utakatika hapo, na utajilaumu wewe.

Sasa manyoya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotapeliwa na ndipo sisi tuna bahati. Soko la Burma liko kando ya Barabara ya Jogoo, na jina hilo la barabara limejitosheleza. Ongea na wanaochinja kuku, usiku wa sikukuu wanatupa manyoya kwa magunia. Unyoya wa shingo ya kuku jike ni laini, ukilowa unapumua majini kama mdudu hai. Huo ndio tunaoutaka. Wa jogoo wa kienyeji unafaa pia kwa nzi wa kuzama, lakini sitawadanganya: kwa nzi wa kuelea haufiki. Ushike kwenye mwanga, utaona sehemu nene yenye utando katikati, karibu na uti. Sehemu hiyo inanyonya maji. Marekani wamefuga majogoo kwa miaka mingi wakichagua manyoya tu, marefu, membamba, yenye nywele ngumu zisizo na utando, hata unyoya mmoja unafunga nzi kadhaa. Hao ni ghali, na kwa sasa si wenu.

Kipimo: kunja unyoya uti upinde, nywele zisimame. Urefu wa nywele uwe mara moja na nusu au mbili ya upana wa mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Ukizidi hapo nzi anavaa koti la babake.

Ukishaleta manyoya nyumbani, yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, yakauke kivulini, yafunge kwenye mfuko na uyaweke kwenye friza siku tatu, uyatoe siku moja, uyarudishe tena siku tatu. Wadudu wa manyoya wakiingia kwenye sanduku lako hawatoki. Mke wangu alinipa friza kwa sharti moja, mfuko uandikwe "SI CHAKULA".

Naam, mama? Manyoya ya kongoti? Swali zuri. Wale wa miti ya Barabara ya Mombasa huangusha manyoya mengi, na zamani manyoya yale laini yaliyoitwa marabu yalitoka kwa ndege hao kweli. Siku hizi marabu ni ya bata mzinga wa kufugwa. Usiokote ya kongoti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu hata unyoya kuwa nyara, na bila kibali ni kosa. Hayo hayo kwa kanga wa porini. Kanga wa kufuga, sawa, ila kumbuka umemnunua wapi.

Sufu: Gikomba, sweta kuukuu moja itawatosha nyote humu ndani. Nimeleta hii hapa, mkono wa kushoto umeshaisha.

Haya, taa iwashwe, na mnisaidie kuweka karatasi nyeupe nyuma ya jiliwa ili mweusi uonekane. Nani atabana ndoana ya kwanza?