Dhahabu Tano za Stanka Zlateva

Ahsanteni kwa kunikaribisha, na shikamooni wazee wetu mlioketi mbele.

Kabla sijamtaja mtu, nitazameni mkononi. Mfuko wa kitambaa. Ndani mna mipira miwili midogo, mmoja mwekundu, mwingine wa buluu. Mama wa pale mwisho, njoo uchomoe mmoja bila kuchungulia. Mwekundu! Basi mwanamieleka aliyevaa nyekundu anapewa mguu wa mwenzake aukamate, filimbi inalia, na ana sekunde 30 za kupata pointi. Akishindwa, pointi inakwenda kwa aliyekamatwa mguu.

Hadi mwaka 2012, hivyo ndivyo raundi ya mieleka ilivyoamuliwa dakika 2 zikiisha bila bila. Ukishinda raundi mbili, mechi ni yako. Wasichana walifanya mazoezi miaka mingi, halafu mkono wa mwamuzi ukaingia mfukoni. Katika mazingira hayo, kushinda ubingwa wa dunia mara moja ni kazi. Stanka Zlateva wa Bulgaria alishinda mara tano.

Alizaliwa tarehe 1 Machi 1983, kijiji cha Krushare, karibu na mji wa Sliven. Mchezo wake ni mieleka ya mtindo huru, ile inayoruhusu kukamata miguu na kupiga ngwala, uzani wa kilo 72. Kocha wake, Simeon Shterev, mwenyewe alichukua shaba ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Kwa wanawake mlango huo ulifunguliwa Athens tu, mwaka 2004, tena kwa madaraja manne ya uzani. Stanka alikuwapo, ana miaka 21. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka miwili baadaye, Guangzhou, fainali ya dunia, mbele yake yuko Kyoko Hamaguchi wa Japani, bingwa wa dunia mara tano. Stanka akamshinda. Mwaka 2007, Baku, akatwaa tena.

Sasa tusimame kidogo mwaka 2008, maana hapa ndipo ninapompendea. Mwezi Agosti, Beijing, anafika fainali ya Olimpiki na kufungwa na Wang Jiao, Mchina aliyekuwa akicheza nyumbani kwao. Fedha. Mtu yeyote angeomba likizo, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwezi Oktoba mashindano ya dunia ya wanawake yakafanyika Tokyo, mji wa Hamaguchi. Miezi miwili tu! Mwili bado una michubuko, na moyo nao ndio usiseme. Akaenda, akarudi na dhahabu.

Kisha Moscow 2010, kisha Istanbul 2011. Akawa na tano, sawa na Hamaguchi.

London, Agosti 2012, akaingia tena fainali. Hapo sharti niwaeleze jambo moja. Katika mieleka, mabega yako yote mawili yakibanwa kwenye mkeka, mechi imekwisha. Hata kama ulikuwa unaongoza, pointi zako hazihesabiwi tena. Natalia Vorobieva wa Urusi alimlaza chali namna hiyo. Vorobieva alikuwa na miaka 21, umri uleule wa Stanka kule Athens.

Tangu siku hiyo nasikia watu wakimwita "yule aliyekosa dhahabu". Inaniuma, nasema wazi. Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne. Mkeka wa dunia humwita bingwa athibitishe kila mara, nao uliitika kwa jina lake mara tano.

Februari 2013, viongozi wa Olimpiki walipendekeza mieleka iondolewe kabisa. Valentin Yordanov, bingwa wa Atlanta 1996 na mkuu wa shirikisho la mieleka la Bulgaria, akairudisha medali yake ya dhahabu kwa kupinga. Septemba mchezo ukarejeshwa, na kanuni za pointi zilikuwa zimeshabadilishwa: raundi mbili za dakika 3, pointi zinajumlishwa, na mfuko huu ukawekwa kando. Wanawake wakapata madaraja sita kuanzia Olimpiki ya Rio, mwaka 2016. Hapohapo Rio, Elitsa Yankova akaipatia Bulgaria shaba. Mwaka 2018 Taybe Yusein akawa bingwa wa dunia, na baadaye Tokyo, kwenye Olimpiki, yeye na Evelina Nikolova wakachukua shaba kila mmoja.

Naomba mzime taa za mbele. Nina mikanda miwili ya video ya mechi za Stanka, ya London na ya Tokyo 2008. Tunaanza na ya Tokyo.