Mfuko wa Mbolea na Jina la Nani

Wazee, bamama, wanafunzi, asanteni kwa kufika na mvua hii.

Nianze na bukari, ugali wetu. Mahindi mengi tunayokula hapa Lubumbashi yamepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na huko yalikotoka hayakulimwa kwa fedha ya mkulima peke yake. Tangu 2002 serikali ya Zambia ina mpango wa kuwapunguzia wakulima wadogo bei ya mbolea na mbegu. Mkulima anachangia kidogo, nyingine inalipwa na hazina. Kwa hiyo sisi nasi tunakula ruzuku, ila ya jirani. Ukame ukiingia na Lusaka ikazuia mahindi yasitoke, mfuko wa kilo 25 unapanda bei hapa mjini, katika soko la mtaa wa Kenya, na hatuna wa kumlalamikia.

Ndiyo maana wengi mnasema: leta yetu, yaani serikali, nayo itoe ruzuku. Sawa. Lakini ipewe nani?

Tuangalie Marekani. Mwaka 1933, chini ya Rais Roosevelt, bei ya pamba ilikuwa imeanguka vibaya, na serikali ikaamua kuwalipa wenye mashamba walime eneo dogo zaidi. Hundi zilikwenda kwa mwenye ardhi. Kule kusini waliokuwa wakilima hasa ni watu wa kugawana mavuno, Weusi wengi na Weupe maskini. Walistahili fungu lao, wengi hawakulipata. Na shamba lilipopunguzwa, wao ndio waliofukuzwa.

Sheria yao ya kilimo ya 1996 ilikwenda mbali zaidi. Malipo yalihesabiwa kwa eka zilizokuwa zikilimwa zamani, si za mwaka ule. Mtu aliruhusiwa kupanda kitu kingine, au aache majani yaote. Mwaka 2006 gazeti la Washington Post lilieleza kuwa huko Texas mashamba ya zamani ya mpunga yalikuwa yamejengwa nyumba, na fedha za mpunga bado zinaingia. Baba hapo nyuma anacheka! Malipo ya namna hiyo yalifutwa 2014 tu.

Kitu kimoja lakini nawaonea wivu. Shirika moja, Environmental Working Group, lilidai kumbukumbu za malipo na kuziweka hadharani, kaunti kwa kaunti (kaunti muichukue kama teritware), jina na kiasi. Unafungua, unaona jirani yako amepokea ngapi. Watu walikasirika sana kuanikwa hivyo. Ila ndipo ilipoonekana wazi kwamba sehemu kubwa ya fedha inaishia kwa asilimia 10 ya wapokeaji, wale wenye mashamba makubwa.

Sasa turudi kwetu. Sheria yetu ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 imetaja mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Tuseme kesho fedha zinafika mkoa wetu wa Haut-Katanga, zinagawiwa kwa hekta zenye hati. Mama wa kule teritware ya Kasenga analima shamba alilopewa na ukoo wa mumewe, kwa neno la chifu. Hana karatasi. Mwenye karatasi ni mkubwa wa hapa mjini, ambaye shamba lake analitembelea Jumapili, na nyama ya kuchoma ndani ya gari.

Kwa hiyo mimi naomba hivi: anayelima aandikwe kwa jina lake, mke asifichwe nyuma ya jina la mume, na orodha yenye idadi ya mifuko ibandikwe kwa chifu na kanisani, kabla mbolea haijashushwa, si baada.

Ndiyo, mama, uliza.

Anauliza: na kama chifu mwenyewe ndiye wa kwanza kwenye orodha?

Kama analima, aandikwe. Mimi nikiwa Lubumbashi siwezi kujua kama analima shamba la mifuko minne au arobaini. Wewe unapita shambani kwake kila asubuhi ukienda kuchota maji.