Mkono Ulio Chini ya Kitambaa

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, naomba kipande hiki cha mahameli kipite mkononi mwa kila mmoja, kianzie hapa mbele. Kishikeni bila wasiwasi. Ua hilo limedariziwa Lucknow, kaskazini mwa India, kwa kazi inayoitwa zardozi. Kwa Kiajemi zar ni dhahabu, na dozi ni ushonaji. Neno letu zari, ambalo bibi zetu walilijua vizuri, limetoka kwenye mzizi huo huo.

Wenye miwani waivae. Zile chembe zinazong'aa kwenye petali mtadhani ni shanga. Ni waya mwembamba uliosokotwa kama springi, mafundi wanauita dabka. Waya huo hukatwa vipande vifupi kuliko punje ya mchele, kila kipande kikapitishwa sindano katikati na kushonewa mahali pake. Kimoja kimoja. Hesabuni petali moja tu, mtachoka.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye adda, fremu ya mbao inayokaza kitambaa kama ngozi ya ngoma, mafundi wameizunguka wameketi chini. Mchoro hutobolewa kwenye karatasi, kisha hupakwa unga uliochanganywa na mafuta ya taa ili rangi ipenye matunduni. Halafu inakuja ari, sindano yenye ncha ya ndoana, ndiyo iliyochora hicho kikonyo cha ua. Mkono wa kulia unachoma kutoka juu. Wa kushoto uko chini ya kitambaa, unailetea ari uzi. Fundi mwenyewe hauoni mkono huo. Unakwenda kwa kugusa tu, saa nane, saa kumi kwa siku.

Ufundi huu ulinawiri katika karakana za kifalme enzi za Akbar, mfalme wa Wamughal wa India, karne ya 16. Sitakaa huko. Nataka twende Delhi, mwaka 1903, kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Lady Curzon, mke wa mwakilishi wa mfalme India, aliingia dansini na gauni lenye mchoro wa manyoya ya tausi, yote yamedariziwa kwa waya wa madini, na katikati ya kila jicho la tausi pameshonewa bawa la mbawakawa, la kijani linalometa. Vipande vilidariziwa India, vikasafirishwa Paris, nyumba ya mitindo ya Worth ikaviunga kuwa gauni. Lina uzito wa kilo 4 na ushee, na lipo hadi leo Kedleston Hall, Uingereza. Jina la mvaaji limehifadhiwa, la mshonaji wa Paris pia. Hata jina la karakana, Kishan Chand, limebaki. Waliokaa kwenye adda hawakuandikwa popote.

Ndugu zangu, njia ile ya 1903 bado inapitika. Vazi linaweza kudariziwa Mumbai wiki nzima, likaenda kumaliziwa Ulaya, na lebo ya ndani ikataja Ulaya peke yake. Hili linaniuma. Wapo wanaosema mchoro ni wa nyumba ya mitindo, basi na sifa ni zake. Mchoro ni wao, nakubali. Lakini ondoeni dabka kwenye hilo ua, muone kinachobaki.

Tena inawezekana kufanya vingine. Mwaka 1993 Jean-François Lesage, wa ukoo wa wadarizi wa Paris, alianzisha karakana Chennai, India, akaishi na kazi hiyo huko huko. Na tarehe 30 Machi 2023 nyumba ya mitindo ya Dior, ya Paris, walifanya onyesho lao mbele ya Gateway of India, Mumbai, na Maria Grazia Chiuri, mbunifu wao wakati huo, akawataja wazi wenzake wa Chanakya, karakana ya udarizi ya Mumbai. Chanakya wana shule inayofundisha wanawake, katika kazi ambayo kwa vizazi ilikuwa ya wanaume. Usiku ule nilifurahi sana. Nataka hayo yawe kawaida: jina la karakana na la mji liwe kwenye lebo, na ujira umfanye kijana wa Lucknow akubali kukaa pale alipokaa baba yake.

Kipande kimefika mstari wa nyuma? Basi kigeuzeni. Dhahabu haionekani huku, yote imebaki juu. Mtaona mafundo na uzi wa kawaida. Pitisheni kidole kwenye ule mstari wa kikonyo: hapo ndipo mkono wa kushoto ulipokuwa.